Shimo Dogo Kwenye Grafu: Kisa cha Elektroni Zisizokubaliana

Wiki hii naweka kando habari za programu na seva, niwape kipande cha historia ambacho nimekuwa nikikizungusha kichwani kwa muda. Ni habari ya supakondakta. Sio yule kondakta wa matatu anayekudai nauli mara mbili, la. Ni vitu ambavyo vikipozwa vya kutosha hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Ukianzisha mkondo kwenye pete ya supakondakta utazunguka na kuzunguka bila betri na bila kupungua. Tuliosoma fizikia sekondari tulifundishwa kwamba kila waya hula umeme kidogo na kuutoa kama joto. Hizi hazili.

Najua wengi wenu mlisisimka Julai 2023, watafiti wa Korea Kusini walipotangaza LK-99, jiwe ambalo eti lingefanya hivyo katika joto la kawaida la chumba. Kufikia Agosti maabara nyingine zilikuwa zimelipima na kukuta hakuna kitu. Tukafunga kurasa tukarudi kazini. Lakini swali lililo nyuma ya kelele zile halikufungwa: kwa nini mawe fulani yenye shaba hupitisha umeme bila ukinzani katika joto ambalo nadharia ya zamani haikutarajia, na ni nini kinachoyazuia kupanda zaidi? Mimi nikiulizwa pa kuanzia kutafuta, nitaonyesha shimo dogo kwenye grafu moja ya mwaka 1988. Nitawapeleka huko, lakini lazima tupitie mahali pawili patatu kwanza.

Mwaka 1911, mjini Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes alipoza zebaki hadi digrii 4.2 za Kelvini akaona ukinzani umetoweka. (Kelvini huanza kuhesabiwa digrii 273 chini ya sifuri ya Selsiasi. Kila digrii nitakayotaja kuanzia hapa ni ya Kelvini.) Ilibidi kungoja hadi 1957 ndipo John Bardeen, Leon Cooper na Robert Schrieffer wakaeleza jambo lenyewe: elektroni, ambazo kwa kawaida husukumana, huungana mbili mbili kwa msaada wa mitikisiko ya atomu, kisha jozi zote hutembea kwa hatua moja kama askari wa gwaride. Mmoja akijikwaa, gwaride haliyumbi. Nadharia ilikuwa nzuri kiasi kwamba wengi waliona kazi imekwisha. Rekodi ya joto ilifika digrii 23 hivi mwaka 1973 ikakaa hapo miaka 13. Mashine za MRI, zikiwemo zilizoko Nairobi, kwa kawaida bado hutumia supakondakta za ukoo huo wa zamani, zilizozamishwa ndani ya heliamu iliyogeuzwa kuwa kiowevu. Na heliamu si bei ya mkaa.

Januari 1986 ndipo mambo yalipogeuka. Katika maabara ya IBM huko Rüschlikon, karibu na Zürich, Georg Bednorz na Alex Müller walikuwa wakichanganya lanthani, bari, shaba na oksijeni. Kinachotoka hapo ni kauri, ndugu wa sahani na vigae, kitu ambacho hakuna fundi wa stima angefikiria kukifanya waya. Walipofanyia mchanganyiko huo marekebisho, ukinzani ulianza kuanguka kwenye digrii 30 na ushei. Makala yao waliipa kichwa cha tahadhari, chenye maana ya "huenda". Kufikia mwisho wa mwaka kundi la Chuo Kikuu cha Tokyo lilikuwa limethibitisha kwamba hakuna "huenda" tena, na mapema 1987 makundi ya Paul Chu wa Houston na Maw-Kuen Wu wa Alabama yakaweka itri mahali pa lanthani, wakafika digrii 93. Hapo umeshapita digrii 77 ambapo naitrojeni huchemka, na naitrojeni imejaa kwenye hewa tunayopumua. Tarehe 18 Machi 1987 wanafizikia walijazana kwenye hoteli moja New York kusikiliza matokeo hadi saa tisa usiku. Bednorz na Müller wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka huo huo, jambo ambalo karibu halitokei.

Haya, sasa tuingie ndani ya jiwe lenyewe.

Mawe haya yote yana tabaka nyembamba za shaba na oksijeni, zilizopangwa kwa miraba kama ubao wa drafti. Fikiria kila atomu ya shaba ni kiti cha matatu, na kila kiti kimeketiwa na elektroni moja. Elektroni hizi zinachukiana, na kupakatana ni gharama kubwa mno. Kwa hiyo matatu imejaa, kila abiria yuko kitini, hakuna anayeweza kusogea. Ukifuata hesabu za kawaida za kitabuni ungesema jiwe hili ni metali, lakini halipitishi umeme hata chembe. Kisha kuna jambo la pili. Kila elektroni ni sumaku ndogo, na majirani hupenda kutazama pande tofauti: huyu juu, yule chini, huyu juu, yule chini, ubao mzima.

Ukitoa atomu chache za lanthani ukaweka bari, kila bari inashusha abiria mmoja. Viti vinabaki wazi, watu wanaanza kusogea. Kitendo hicho nitakiita kukoleza, kama unavyokoleza chai. Ukishakoleza asilimia 5 hivi ya viti, upitishaji kamili unaanza. Kwenye asilimia 16 hivi unafika kilele, na ukizidisha sana, kupita robo, unatoweka. Ukichora ukolezo kwenye mstari wa chini na digrii pembeni, unapata umbo kama mgongo wa kobe.

Mwaka 1988 A. R. Moodenbaugh na wenzake, katika maabara ya taifa ya Brookhaven kwenye kisiwa cha Long Island, walitengeneza sampuli nyingi za jiwe lile lile la Bednorz na Müller, kila moja na ukolezo wake. Hawakupata mgongo wa kobe. Walipata mgongo wa ngamia, tena yule wa Asia mwenye nundu mbili. Pande zote mbili digrii zilipita 25, lakini katikati, pale penye kiti kimoja kitupu kwa kila viti nane, ziliporomoka hadi chache tu. Si 0.10, si 0.15, ni 0.125. Moja ya nane kamili.

Sisi waandishi wa programu tunaijua hitilafu ya aina hii. Programu ikikataa kila thamani unayoipa, basi kuna kitu kikubwa umekosea na utakiona haraka. Ikikataa thamani moja tu, huku majirani zake wakipita bila shida, hapo unakaa wima kitini, kwa sababu umeguswa na jinsi ilivyojengwa. Uchafu ndani ya sampuli unaweza kushusha digrii, ndiyo. Lakini uchafu haujui kuhesabu moja ya nane.

Mwaka uliofuata ilionekana kwamba jiwe hili likipozwa chini ya digrii 60 hivi, atomu zake huinama kidogo na kufanya kama mifereji ndani ya tabaka. Tabaka hili mifereji yaelekea upande mmoja, tabaka linalofuata yakata msalaba. Wako waliosema basi, kesi imekwisha, ni jiwe limejikunja. Sikubaliani nao hata leo, maana kujikunja peke yake hakuelezi ile moja ya nane. Mifereji ni mifereji. Swali ni nini kilichokuja kulala ndani yake.

Jibu lilikuwa tayari kwenye karatasi, na watu wachache waliliamini. Mwaka huo huo wa 1989 Jan Zaanen na Olle Gunnarsson walikuwa wamepiga hesabu ya viti vitupu vinavyohama ndani ya ubao wa sumaku za juu na chini. Tatizo la kiti kitupu ni kwamba kila kinapohama kinavuruga mpangilio wa sumaku. Umewahi kuona shamba la mahindi lililo katikati ya nyumba na barabara? Watu wakipita kila mmoja kivyake, shamba lote linakanyagwa. Kwa hiyo wanapita njia moja, mahindi ya pande zote mbili yanabaki salama. Hesabu za Zaanen na Gunnarsson zilisema viti vitupu navyo vitajipanga hivyo hivyo, kwenye njia nyembamba, na kati ya njia na njia sumaku zitabaki zimetulia. Tabaka litakuwa na milia kama punda milia. Tena, ukivuka njia moja, mpangilio wa sumaku unageuka: palipostahili juu panakuwa chini. (Zaanen baadaye alikuwa profesa Leiden, chuo kile kile cha Onnes, hadi alipofariki Januari 2024.) Miaka michache baadaye Victor Emery na Steven Kivelson waliongeza hoja niipendayo: sumaku zinataka kuvifukuza viti vitupu vyote vikae pamoja kona moja, kama maji yanavyofukuza mafuta, lakini viti vitupu vina chaji ya aina moja na havitaki kulundikana. Milia ni maafikiano. Hakuna aliyepata alichotaka, ila hakuna aliyekosa kabisa.

Kuona milia hiyo kwa macho ilikuwa kazi nyingine. Jiwe la lanthani na bari lilikuwa gumu kukuza kama fuwele moja kubwa. John Tranquada wa Brookhaven akatumia jamaa yake, lenye stronti mahali pa bari na neodimi kidogo ya kulifanya lijikunje vile vile. Fuwele zilitoka Tokyo, kwa Shin-ichi Uchida, mmoja wa wale wale waliothibitisha ugunduzi wa Zürich mwaka 1986. Wakalipiga jiwe kwa nyutroni. Nyutroni haina chaji kwa hiyo haioni chaji moja kwa moja, lakini inaona sumaku, na inaona atomu zilivyosogezwa kidogo na chaji iliyo karibu. Makala yao ilitoka katika jarida la Nature mwaka 1995. Alama za chaji zilijirudia kila viti vinne. Alama za sumaku zilijirudia kila viti vinane, mara mbili kamili, kama inavyotakiwa ikiwa sumaku zinageuka kila zinapovuka njia. Tena jiwe lilipopozwa, chaji ndizo zilizojipanga kwanza, sumaku zikafuata.

Sasa piga hesabu nami. Njia moja kila safu nne. Ndani ya njia, kiti kimoja kitupu kwa kila viti viwili. Robo mara nusu. Moja ya nane! Kwenye ukolezo huo milia inaingia kwenye ubao bila kubaki nafasi na bila kubanana, mifereji ya jiwe inaikamata, na milia inaganda. Elektroni zilizokuwa ziungane mbili mbili na kukimbia zimekwama foleni. Hapo ndipo wanafizikia walipozoea kusema kwamba kuna mipangilio miwili inayoshindana ndani ya jiwe moja, milia upande huu na upitishaji kamili upande ule, na kila elektroni inayokwenda kwa mmoja imepotea kwa mwingine.

Wengi hawakushawishika. Hilo ni jiwe la lanthani, walisema, na familia ya lanthani ina visa vyake. Mawe mazuri kama lile la itri hayana upuuzi huo. Na Brookhaven yenyewe ilipata pigo: Januari 1997 iligunduliwa kwamba tritiamu ilikuwa imevuja kutoka kinu chao cha nyuklia cha utafiti, kilichokuwa chanzo cha nyutroni, na mwaka 1999 serikali ya Marekani ikaamua kisiwashwe tena.

Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka kumi milia ilibaki kesi ya familia moja, ingawa dalili zilijitokeza hapa na pale. Mwaka 2002 kundi la Séamus Davis, wakitumia darubini inayopapasa atomu moja moja, waliona kwenye jiwe la bismuthi madoadoa kama ya drafti, yanayojirudia kila viti vinne. Yalikuwa yamezunguka mahali ambapo nguvu ya sumaku imetoboa upitishaji kamili. Ni kama kufunua zulia na kukuta sakafu ya aina nyingine. Kisha 2007 kundi la Louis Taillefer wa Sherbrooke, Kanada, na Cyril Proust wa Toulouse, Ufaransa, walichukua fuwele safi mno za jiwe la itri zilizokuzwa Vancouver, wakaziweka kwenye sumaku ya tesla 62. Mashine ya MRI ya kawaida ni tesla 1.5, kwa hiyo hii ni mara arobaini, na hudumu sehemu ndogo ya sekunde tu. Kwa nguvu hiyo ukinzani ulionyesha mawimbi madogo madogo ambayo yana maana moja: bahari ya elektroni ndani ya jiwe ilikuwa imekatwa vidimbwi. Kitu fulani kilikuwa kimeipanga upya. Jiwe zuri nalo lilikuwa na siri.

Mwaka 2012 siri ilitoka, na ilitoka mara mbili. Kundi lililoongozwa na Giacomo Ghiringhelli wa Milano, likitumia eksirei laini, na kundi la Johan Chang lililotumia eksirei kali, wote waliona mawimbi ya chaji ndani ya jiwe la itri, yanayojirudia kila viti vitatu na kidogo. Kipimo cha Chang ndicho ninachopenda kuwaonyesha watu. Unapoza jiwe, mawimbi ya chaji yanakua, yanakua, hadi digrii 67 ambapo upitishaji kamili unaanza, na hapo hapo yanaanza kupungua. Unaweka sumaku ya kuudhoofisha upitishaji kamili. Mawimbi ya chaji yanainuka tena. Ukiondoa sumaku yanazama. Ni kama mizani ya duka, upande mmoja ukishuka mwingine hupanda. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema kwamba ni kisa cha familia ya lanthani peke yake.

Ningeweza kuishia hapa: milia ni adui, tuiondoe, joto lipande. Na kuna majaribio yanayoonekana kusema hivyo hasa. Mwaka 2011 kundi la Andrea Cavalleri lililipiga jiwe la milia kwa leza ya infraredi, na kwa muda wa kufumba na kufumbua (kusema kweli, mfupi kuliko huo mara mabilioni) likaonyesha dalili za upitishaji kamili mahali ambapo halikuwa nao. Mwaka 2020 Zurab Guguchia na wenzake walilibana jiwe la lanthani na bari, lenye ukolezo wa 0.115, kutoka upande mmoja kwa mkazo mdogo sana. Upitishaji kamili wa jiwe zima ukaruka kutoka digrii 10 hivi hadi 32. Kubana tu! Hukuongeza kitu, hukupunguza kitu.

Lakini turudi kwenye lile shimo, maana lilikuwa na ghorofa ya chini. Kufikia miaka ya 2000 watu walikuwa wamejifunza kukuza fuwele kubwa za lanthani na bari zenye moja ya nane kamili, na mwaka 2007 Qiang Li, Tranquada na wenzao wa Brookhaven walizipima kwa makini kuliko mtu yeyote kabla yao. Walipima ukinzani kwa pande mbili: kando ya tabaka, na kutoka tabaka hadi tabaka. Kando ya tabaka, ukinzani ulianguka ghafla karibu na digrii 40. Arobaini! Hiyo ni juu kuliko kilele cha jiwe hili kwa ukolezo wowote. Kutoka tabaka hadi tabaka, hakuna. Jiwe zima halikuwa supakondakta hadi digrii 4 hivi. Yaani lile shimo la 1988 halikuwa mahali ambapo jozi za elektroni zimekufa. Jozi zilikuwepo, hai kabisa, kila tabaka na zake, ila tabaka hazikusalimiana.

Inawezekanaje? Maelezo yaliyotolewa na Erez Berg, Eduardo Fradkin, Kivelson na wenzao ni haya. Jozi zenyewe zina milia. Kwenye mlia mmoja zina ishara chanya, kwenye mlia unaofuata hasi, kisha chanya, kisha hasi. Kumbuka mifereji: tabaka hili inaelekea upande mmoja, tabaka linalofuata inakata msalaba. Jozi ikitaka kushuka tabaka moja, kila mahali penye chanya pana mwenzake penye hasi, na jumla ni sifuri. Andika kitanzi cha programu cha mistari mitano ujumlishe mwenyewe uone. Mlango upo, lakini kila anayeusukuma kuna mwingine anayeuvuta. Hoja ya namna hii ilikuwa imeshatolewa Japani mwaka 2002, na A. Himeda na wenzake, kabla ya kipimo hicho.

Ndiyo maana mwaka 2015 Fradkin, Kivelson na Tranquada walipendekeza tuache kusema mipangilio inashindana, tuseme imesukwa pamoja, kama ukili. Nakubaliana nao nusu. Kwenye jiwe la itri mizani ya Chang ni mizani kweli, ukiinua huku unashusha kule, na kulipaka hilo rangi ya udugu ni kujidanganya. Ila kwenye jiwe la lanthani na bari, neno kushindana lilificha jambo kubwa kwa karibu miaka ishirini: kila mtu aliangalia digrii za jiwe zima, akaona shimo, akasema hapa upitishaji umeshindwa.

Sasa mtaniuliza, kwa nini tusiingize haya yote kwenye tarakilishi tupate jibu? Hapa ndipo mimi kama mwandishi wa programu ninapovutiwa zaidi, kwa sababu tatizo lenyewe ni fupi ajabu. John Hubbard aliliandika mwaka 1963, na sheria zake zinatosha nyuma ya tikiti ya basi: elektroni inaruhusiwa kuruka hadi kiti jirani, na elektroni mbili zikipakatana zinalipa faini. Basi. Kila kiti kina hali nne tu: kitupu, juu, chini, au wawili wamepakatana.

Chukua ubao wa viti 4 kwa 4. Hali zote zinazowezekana ni 4 kwa kipeo cha 16, yaani 4,294,967,296. Mnaijua namba hiyo. Ndiyo idadi ya anwani zote za IPv4. Lakini milia ya sumaku inajirudia kila viti vinane, kwa hiyo ubao wa 4 kwa 4 hautoshi hata mlia mmoja kamili. Panua uwe 8 kwa 8, na hali zinakuwa 2 kwa kipeo cha 128. Hiyo nayo mnaijua. Ni IPv6 nzima, kila anwani, kwa ubao mmoja wa drafti, na jiwe halisi lina viti zaidi ya hapo mara matrilioni. Hakuna diski itakayohifadhi hilo.

Kwa hiyo kazi yote ni ujanja wa kubana data, kujua zipi kati ya hali hizo zina uzito na zipi za kutupa. Mmoja wa magwiji ni Steven White, aliyebuni njia moja kama hiyo mwaka 1992, na 1998 yeye na Douglas Scalapino wakaona milia ikijitokeza yenyewe kwenye hesabu bila kuwekwa. Shida ni kwamba njia tofauti zilitoa majibu tofauti, kila kundi likiamini lake. Mwaka 2017 makundi kadhaa, wakiwemo White, Garnet Chan na Shiwei Zhang, yakafanya jambo ambalo ningependa kuliona zaidi katika kazi yetu: yalichukua swali moja, ukolezo wa moja ya nane, yakaliendesha kwa njia nne zisizofanana, hadi zote zikakubaliana. Jibu: milia. Upitishaji kamili wa sare, usio na milia, ulishindwa kwa kiasi cha sehemu moja ya mia ya nishati ya kuruka kiti kimoja. Milia ya mapana tofauti ilitofautiana kwa kidogo kuliko hiyo. Hapo unaelewa kwa nini kubana jiwe kidogo tu kunaleta mageuzi. Elektroni zina mipangilio mingi yenye bei karibu sawa, na chochote kinachosukuma mizani kidogo ndicho kinachochagua.

Lakini milia hiyo ya hesabu haikuwa milia ya Tranquada. Ilijirudia kila viti vinane, si vinne, na njia zake zilikuwa zimejaa viti vitupu mwanzo hadi mwisho, kama zile za Zaanen na Gunnarsson za 1989. Njia iliyojaa hivyo ni foleni; hakuna jozi itakayopita. Mwaka 2020 kundi hilo hilo kwa sehemu kubwa likatangaza kwamba katika tatizo la Hubbard lilivyo, kwa nguvu za faini zinazofanana na za mawe haya, upitishaji kamili haupo.

Kilichokosekana kilikuwa sheria moja ndogo. Katika mawe halisi elektroni inaweza pia kuruka kimshazari, kama kete ya drafti, kwa nguvu ndogo kuliko ile ya kuruka mbele. Hao Xu, White, Zhang na wenzao waliiongeza sheria hiyo, na matokeo yao yalitoka katika jarida la Science mwaka 2024. Upande wa viti vitupu, njia ziliacha kujaa. Zikabaki na nafasi ndani yake, zikayumba kidogo, na upitishaji kamili ukatokea hapo hapo juu ya milia, vyote viwili kwenye ubao mmoja.